Damu ya Utafiti Huenda Wapi?

Wagonjwa wa selimundu wanaoombwa damu kwa ajili ya utafiti huuliza swali la haki: damu hiyo yaenda wapi, nasi twarudishiwa nini? Mhudumu aombaye damu sharti awe na jibu kabla hajashika sindano.

Sehemu ya jibu iko Oxford, Uingereza. Mwaka 1989 Profesa David Weatherall alianzisha huko taasisi ya tiba ya molekuli, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Ni taasisi ya chuo kikuu, lakini imo katika eneo la hospitali ya John Radcliffe, kwa kuwa mwanzilishi alitaka elimu ya jeni iwe jirani na wodi. Yeye mwenyewe alianzia wodini. Akiwa daktari kijana wa jeshi huko Singapore, katika miaka ya 1950, alimhudumia binti wa askari wa Kinepali aliyekuwa na upungufu mkubwa wa damu. Kwa betri za gari na karatasi ya kuchujia alitenganisha himoglobini za mtoto yule, akagundua thalasemia.

Himoglobini ndiyo iliyotupatia somo kubwa zaidi. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa na himoglobini ya kijusi, yaani ile ya mtoto aliye tumboni, nayo humkinga. Ipunguapo, kuelekea mwezi wa sita, viganja na nyayo huanza kuvimba na maumivu huingia. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa jeni ya BCL11A ndiyo huizima himoglobini hiyo. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Muhimbili, Dar es Salaam: tofauti katika jeni hiyohiyo zilihusiana na kiwango chao cha himoglobini ya kijusi. Basi damu iliyotolewa Upanga imo katika ushahidi huo.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri seli shina za mgonjwa ili BCL11A ilegeze mkono wake. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, tena hutanguliwa na dawa kali za kufuta uboho. Kwa maoni yangu, atakayemwambia mzazi wa Temeke aingoje tiba hiyo anamdhulumu.

Hidroksiurea ipo sasa. Ni dawa ya kumeza kila siku, nayo huipandisha himoglobini ileile. Utafiti wa REACH, uliofanyika kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kuwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Yataka kupima chembe za damu kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, na mwanamke anayekusudia kushika mimba azungumze kwanza na daktari wake. Mzazi ambaye hajatajiwa dawa hii kliniki na aiulize kwa jina.