Walikosa chumvi, wakageukia pilipili: Siri ya ukali wa chakula cha Guizhou

Mkoani Guizhou, kusini magharibi mwa China, chakula bila pilipili ni kama hakijaiva. Lakini pilipili si ya kwao. Asili yake ni bara la Amerika, na ilifika China karne ya 16. Mwaka 1591 mwandishi Gao Lian aliisifia kwa kuwa inapendeza kutazama, kama ua la mapambo.

Sasa ilifikaje jikoni? Jibu ni chumvi.

Guizhou haina bahari, na chumvi yake ilitoka nje, hasa mkoa jirani wa Sichuan. Ilisafirishwa kwa boti, kisha mabegani mwa wapagazi kupanda milima. Ikifika, bei haishikiki.

Maskini angefanyaje? Pilipili inaota hata kwenye kijishamba cha mlimani. Haina chumvi, ila inauchangamsha ulimi na chakula chapwa kinalika. Kumbukumbu za mwanzoni mwa karne ya 18 zinasema Wamiao, wenyeji wa huko, waliitumia badala ya chumvi.

Leo chumvi ni bei chee. Pilipili bado haijatoka mezani.