Utayajuaje Makazi Mazuri ya Wazee?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kuwa familia ndiyo mtunzaji wa kwanza wa mzee. Lakini wako wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Hao hupelekwa katika makazi ya wazee, kama yale ya Serikali ya Nunge, Kigamboni.

Ndugu msomaji, ukienda kumtazama mzee wako katika makazi yoyote, kagua mambo haya:

Kwanza, choo. Je, ni safi? Kina kitu cha kushika? Sakafu ikiwa na majimaji, mzee huteleza. Mfupa wake huvunjika upesi, nao huchelewa kuunga.

Pili, mtazame mzee asiyeweza kuamka. Akilala upande mmoja muda mrefu, hupata vidonda mgongoni, kiunoni na visiginoni. Hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Uliza: usiku nani humgeuza?

Tatu, dawa. Nani huzitoa? Je, huandika kila anapozitoa?

Nne, zungumza na mzee mkiwa wawili tu. Akiogopa kujibu, usipuuze.

Kisha rudi siku nyingine bila kutoa habari. Nyumba hufagiliwa mgeni anapotazamiwa.

Ukiona kasoro, mweleze mkuu wa makazi. Asiporekebisha, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, iwe ni Temeke, Kinondoni au Kigamboni.

Mzee mwenye mgeni wa mara kwa mara hasahauliwi.

Maswali
1. Kwa nini mzee hugeuzwa kitandani?
2. Kwa nini turudi bila kutoa habari?