Ziara ya Sayansi Katika Shamba la Ng'ombe wa Maziwa: Somo Linaloishia Jikoni

Watoto wengi wa Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara humfahamu ng'ombe kabla ya kuanza darasa la kwanza. Huchunga, hushika ndama wakati wa kukamua na husikia wazee wakihesabu mifugo katika mahari na akiba ya ukoo. Hata hivyo, kumfahamu ng'ombe si sawa na kuelewa namna mwili wake unavyotengeneza maziwa, wala sababu ya maziwa hayo kuweza kumpa mtoto afya au kumletea maradhi. Pengo hilo linaweza kuzibwa na ziara ya kimasomo katika shamba la ng'ombe wa maziwa.

Ziara za aina hii zinaendana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari, 2024. Mkazo wake ni ujuzi, yaani mwanafunzi aone, apime, alinganishe na aeleze alichokipata, badala ya kukariri maelezo ya ubaoni pekee.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza shambani ni urithi wa tabia kutoka kwa wazazi. Ng'ombe wa asili aina ya zebu, wanaofugwa na kaya nyingi mkoani Mara, huvumilia ukame na maradhi, lakini kwa kawaida hutoa lita chache tu za maziwa kwa siku. Ng'ombe chotara aliyetokana na zebu na aina kama Friesian au Ayrshire, akitunzwa vizuri, anaweza kutoa lita 10 au zaidi. Mabadiliko hayo huletwa kwa kiasi kikubwa na uhimilishaji. Mbegu za madume bora huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, na huhifadhiwa katika mitungi yenye naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzijoto hasi 196 za Selsiasi. Mwanafunzi aliyesoma hali za maada darasani huona hapo kwamba naitrojeni, gesi iliyomo katika hewa anayovuta, ikipozwa vya kutosha huwa kimiminika chenye kazi muhimu kijijini.

Jambo la pili ni mmeng'enyo wa chakula. Tumbo la ng'ombe lina sehemu nne, na kubwa kuliko zote hukaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huvunjavunja majani ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya. Ndiyo maana ng'ombe hucheua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa, takribani asilimia 87, ni maji, ng'ombe anayekamuliwa huhitaji kunywa maji mengi kila siku. Mwanafunzi akipima maji anayokunywa ng'ombe na maziwa anayotoa, ataelewa kwa nini maziwa hupungua kiangazi, na kwa nini mfugaji makini hukausha na kuhifadhi majani mapema.

Jambo la tatu ni ukamuaji. Ng'ombe akiwa ametulia na kiwele kikasafishwa kwa maji ya uvuguvugu, ubongo wake huachia homoni ya oksitosini inayoshusha maziwa. Homoni hiyo hudumu kwa dakika chache tu, hivyo ng'ombe anayeshtuliwa kwa kelele huzuia maziwa. Kwa sababu hiyo, wanafunzi hutakiwa kuingia bandani kwa makundi madogo na kwa utulivu. Kabla ya kukamua, matone ya kwanza hukaguliwa katika kikombe maalumu. Yakionekana mabonge, usaha au damu, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo hayachanganywi na mengine.

Jambo la nne ni vipimo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, wakati lita moja ya maziwa halisi ina takribani kilo 1.03. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosomwa na laktomita. Maziwa yakiongezwa maji, kifaa hicho huzama zaidi. Hivyo somo la densiti huwa pia somo la uaminifu katika biashara, na mwanafunzi huelewa kwa nini tasnia hii ina Sheria ya Maziwa, Sura ya 262, na kwa nini ipo Bodi ya Maziwa Tanzania inayoisimamia.

Jambo la tano, na lenye uzito kuliko yote, ni usalama wa maziwa. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima huku akiwa na ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi, au kifua kikuu cha ng'ombe. Vimelea vya magonjwa hayo humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi. Bruselosi huleta homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu, dalili zinazofanana na za malaria. Mgonjwa anaweza kutumia dawa zisizohusika kwa muda mrefu bila kupona. Kugandisha maziwa mabichi kuwa mtindi si kinga ya kutegemewa. Kinga ni joto: viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15 kisha hupozwa haraka, na nyumbani huchemshwa hadi yatokote kabla ya kunywewa au kugandishwa.

Ili ziara ilete tija bila madhara, shule inashauriwa kuwasiliana mapema na Afisa Mifugo wa kata au wa halmashauri, iwe ni Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda au Halmashauri za Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, ili kupata shamba linalofaa na mtaalamu wa kuwaongoza wanafunzi. Ridhaa ya wazazi ipatikane kwa maandishi. Wanafunzi wavae viatu vya kufunika miguu, wakanyage dawa ya kuua vimelea langoni, wasiguse mnyama bila ruhusa, wasionje maziwa mabichi na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kila kundi lipewe swali la kuchunguza na liwasilishe majibu darasani.

Shule pia zinaweza kuoanisha ziara hizo na Wiki ya Maziwa, ambayo kilele chake ni Juni 1, au Siku ya Maziwa Shuleni, inayoadhimishwa Jumatano ya mwisho ya Septemba.

Wazazi na walezi nao wana nafasi yao. Mwanafunzi anayerudi nyumbani na kuomba maziwa yachemshwe, au anayeuliza kama ng'ombe wa familia wamepimwa, asikilizwe. Swali lake halipunguzi heshima ya mila za ufugaji walizorithi Wanamara. Linaweza kuiepusha familia na homa ya miezi mingi, na kuufanya mfugo uliokuwa akiba kuwa pia chanzo salama cha lishe na kipato.