Kabla Hujakabidhi Funguo za Gari Lako

Jirani yangu wa Kimara ana gari aina ya Toyota IST analolitumia siku mbili kwa wiki: Jumamosi kwenda sokoni, Jumapili kwenda kanisani. Siku zilizobaki linashinda chini ya mwembe, yeye anapanda mwendokasi kwenda kazini Posta, maana mafuta na foleni vimemshinda. Hivi karibuni alinijia na wazo. Amepata kijana anayewatafutia wateja wenye magari: watu wa harusi, wageni wa mikutano, wanaokwenda msibani mkoani. Kijana anachukua kamisheni, mwenye gari anabaki na chake.

"Kaka, gari limekaa tu. Si bora liniletee ada ya watoto?"

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoizaa Turo, kampuni ya Marekani ambayo leo inajulikana kuliko zote katika biashara ya watu binafsi kukodishiana magari. Mwanzilishi wake, Shelby Clark, amesimulia kwamba alikuwa Boston wakati wa baridi, akiendesha baiskeli kwenye theluji kulifuata gari alilokodi, huku njia nzima akipita magari ya watu yaliyofunikwa na theluji, hakuna anayeyagusa. Mwaka 2009 akaanzisha RelayRides, jina lililobadilishwa kuwa Turo mwaka 2015. Mwenye gari analitangaza kwenye programu ya simu na kupanga siku, mteja analipia humohumo, kampuni inakata sehemu yake na kusimamia bima ya siku za safari.

Hapo kwenye bima ndipo nilipomwomba jirani yangu atulie kwanza, kwa sababu hata huko Marekani ndipo biashara hii ilipokwamia. California ilipitisha sheria mwaka 2010 ili bima ya mwenye gari isifutwe kwa sababu tu amelikodisha kupitia mpango wa aina hiyo, na mzigo wa ajali ya safari hiyo ubebwe na mpango wenyewe. Jimbo la New York lilikataa. Mwaka 2013 mamlaka za huko ziliisimamisha RelayRides kwa sababu za bima, na ilibidi ingojwe sheria mpya hadi mwaka 2022 ndipo magari ya watu yaanze tena kukodishwa kwa njia hiyo. Miaka tisa, katika jimbo lenye wateja wa kila aina!

Wasiwasi wao haukuwa wa kinadharia. Mwaka 2012, huko Boston, gari la mtu binafsi lililokodishwa kupitia RelayRides lilipata ajali. Aliyelikodi alifariki, wengine wakajeruhiwa vibaya. Bima ya kampuni ilikuwa na ukomo wa dola milioni 1, na hofu ikawa kwamba madai yangeweza kuupita. Mwenye gari hakuwa hata ndani ya gari siku hiyo, lakini alijikuta akisubiri kujua kama ziada ingedaiwa kwake.

Sasa turudi Kimara. Jirani yangu ana bima ndogo, ile iliyozoeleka kwa bei ya shilingi 118,000 kwa mwaka. Bima hiyo inamlinda mtu wa tatu aliyegongwa. Gari lake mwenyewe likibondeka au kuibwa, halipwi kitu. Kubwa zaidi, bima ya gari binafsi kwa kawaida hutolewa kwa matumizi binafsi. Ukilikodisha kwa malipo bila kuitaarifu kampuni, umetoka nje ya mkataba, hata kama una bima kubwa. Wenye magari wengi hulijua hilo wakiwa tayari wanajaza fomu ya madai.

Nilimwambia pia atoe kalamu. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 15, linakodishwa kwa 70,000 kwa siku, siku 12 kwa mwezi. Hiyo ni 840,000, na hapo ndipo watu wengi huishia kuhesabu. Toa kamisheni ya dalali asilimia 10, yaani 84,000. Weka 100,000 ya sevisi, 60,000 ya matairi, 60,000 ya kuosha, 20,000 ya kifaa cha kulifuatilia gari, 80,000 ya bima inayoruhusu kukodisha. Halafu kuna gharama isiyo na risiti: gari linachakaa. Likishuka thamani kwa milioni 3 kwa mwaka, ni 250,000 kila mwezi. Jumla ya matumizi ni 654,000. Kinachobaki mkononi ni 186,000, na hapo hakuna mteja hata mmoja aliyechelewa kulirudisha gari, wala bampa halijakwaruzwa.

Kwa mtu mwenye gari ambalo tayari ni lake na limekaa, 186,000 si haba, nami siwezi kumkataza. Anayetaka kukopa benki anunue magari mawili matatu ya kukodisha, huyo namwomba aache. Machi 2020, corona ilipofunga safari, Wamarekani waliokuwa wamekopa magari mengi kwa ajili ya Turo walibaki na marejesho ya kila mwezi na magari yasiyo na wateja. Na Februari 2025 mshindani wake, Getaround, alifunga shughuli zake Marekani.

Kwetu kuna hatari nyingine ambayo programu ya simu haiiondoi: mteja anayelichukua gari kwa siku mbili akaliweka rehani kwa mkopeshaji wa mtaani. Ndiyo maana leseni na namba ya NIDA vihakikiwe, si kupigwa picha tu; gari lipigwe picha pande zote mbele ya mteja pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta; na mkataba umtaje atakayeendesha. Kadi halisi ya gari ibaki nyumbani. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na gari huisha haraka kuliko duka.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inaweza kuwasaidia watu kama jirani yangu kwa kuyahimiza makampuni yauze bima ya siku: gari liwe binafsi Jumatatu, liwe la kukodi Ijumaa, na kila siku ilipiwe inavyostahili. Mpaka hapo, msomaji mwenye gari chini ya mwembe, nenda kwenye kampuni yako ya bima ukaulize swali moja: nikilikodisha gari hili kwa mtu nisiyemjua akapata ajali, mtalipa? Jibu lake lidai kwa maandishi. Kama hawakukupa, funguo zibaki mfukoni.