Goti Linalouma Halitaki Kukaa Tu

Mama mmoja anasema: “Goti linaniuma, basi nitakaa tu.” Mama, usifanye hivi! Gegedu, kile kifuniko laini cha ncha za mifupa, limelika. Lakini ukikaa siku zote, misuli ya paja inalegea, na goti linazidi kuuma.

Keti kitini, nyoosha mguu, hesabu mpaka 5, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Shika fimbo kwa mkono wa upande usiouma. Kama u mnene, punguza uzito.

Dawa ya ibuprofeni inatuliza maumivu, hairudishi gegedu. Uimeze baada ya kula. Mwenye kidonda cha tumbo au ugonjwa wa figo asiimeze. Goti likivimba ghafula pamoja na homa, njoo hospitali siku ile ile.