Ushauri Umefika Geneva, Bado Haujafika Pipeline

Kenya haijakosa washauri wa haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya 2003 ilizaa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huishauri serikali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo ulipopitishwa Desemba 2006, Kenya iliutia saini Machi 2007 na kuuridhia Mei 2008. Katika Kamati ya Geneva inayokagua nchi zilizouridhia wamewahi kuketi Wakenya wawili, Edah Maina na Samuel Kabue, na Julai 2018 Kenya ilikuwa mwenyeji mwenza wa mkutano wa dunia kuhusu ulemavu jijini London. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, anayeamua kama mtu wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, mwenye kiti cha magurudumu atatoka nyumbani leo si Geneva wala wizara. Ni ofisi ya kaunti inayoidhinisha ramani za majengo, pamoja na mwenye ploti. Ushauri wetu umekatikia kabla ya kuwafikia hao.

Tazama fleti za Pipeline au Tassia: orofa saba, nane, bila lifti. Chini kuna duka, kinyozi na M-Pesa, kwa hiyo hata nyumba ya kwanza iko juu ya ngazi, nazo ni nyembamba kiasi kwamba wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Ukishuka salama unakutana na mtaro, kisha matatu ambayo kidato chake cha kwanza kinakaribia goti, na makanga anapiga bodi gari liondoke. Sheria ile ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha na wenye magari ya abiria miaka miwili, ikalipa Baraza uwezo wa kutoa amri ya marekebisho. Amri hiyo lakini huja zege likiwa limeshakauka, wakati kubomoa ni hasara na mwenye jengo yuko tayari kwenda mahakamani. Ushauri wenye faida ni ule unaotolewa ramani ikiwa bado mezani.

Wapo wanaosema watu wenyewe ni wachache, kwani sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu. Kiwango hicho kilihesabu wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliosema wanapata ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Aliyesema anapata ugumu kiasi, kama nyanya anayepanda ngazi akipumzika kila orofa, hakuhesabiwa. Wengine husema mkataba ni mambo ya wazungu. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya, na katiba hiyo tuliipigia kura wenyewe. Hoja nzito ni ya umaskini: kodi ya mitaa hii ya Eastlands ni ndogo, na lifti ingeipandisha hadi mpangaji ahame. Nakubali, na ndiyo maana sidai lifti kila ploti. Nyumba moja au mbili za chini zisizo na kidato, mlango mpana na choo ambamo kiti kinaweza kugeuka humnyima mwenye ploti chumba kimoja cha duka. Hazimfilisi.

Kifungu cha 4(3) cha Mkataba kinaitaka serikali ishauriane na watu wenye ulemavu kupitia mashirika yao. Kwa Nairobi, maana yake iwe kuwapa kiti penye meza ya kuidhinisha ramani, hasa sasa ambapo mitaa ya zamani kama Makongeni imewekwa kwenye mipango ya kujengwa upya. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, na huu ndio wakati wa kuibana kaunti. Nasi tulio ughaibuni tunaotuma pesa za kujenga katika mitaa ya Umoja na Kayole hatuhitaji kungoja amri ya mtu. Mchoraji akikutumia ramani kwa WhatsApp, muulize nyumba ya chini iko wapi na mlango wake una upana gani, kabla hujatuma pesa za msingi.