Mwizi wa Besi Hukamatwa kwa Miguu

Softiboli ina wizi mmoja ambao refa huutazama tu na mashabiki wakaushangilia. Mkimbiaji aliyesimama besi ya kwanza hungoja mpira uchomoke mkononi mwa mrushaji, kisha hutimua mbio kwenda besi ya pili bila kujali kama mpigaji atagonga au atakosa. Wa kumzuia ni mdakaji, yule aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago usoni na glavu nene mkononi. Sharti adake, ainuke, autoe mpira glavuni na kuufikisha besi ya pili kabla ya mwizi. Akishindwa, kelele inayosikika kando ya uwanja ni ileile: “Tia nguvu!” Kwa hesabu za fizikia, ushauri huo una faida ndogo mno.

Kiamunyi, viungani mwa jiji la Nakuru, msichana anayeanza softiboli aghalabu huwa ametokea kwenye raunda ya shule ya msingi. Kupiga na kuzunguka vigingi anakujua. Kinachomtisha ni umbali. Katika raunda, kigingi na kigingi huachana mita 12 hivi. Besi za softiboli zimeachana mita 18.29, na mdakaji hata hafuati ubavu wa uwanja anapomrushia mwenzake wa besi ya pili. Hukata katikati ya mraba, na yeyote aliyepita mikononi mwa Pythagoras atakwambia ulalo huo ni mita 25.86. Mtoto akiuona mwanya wote huo hujikunja, akarudisha mkono nyuma kabisa na kukusanya nguvu kana kwamba anataka kuvusha jiwe ng’ambo ya kreta ya Menengai. Hapo ndipo mwizi anapopata nafasi.

Tuchukue mechi ya shule. Mrushaji akitoa mpira kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa, unamfikia mdakaji baada ya sekunde 0.6 hivi. Mdakaji asiyefunzwa anaweza kutumia sekunde 0.9 tangu mpira uguse glavu hadi umtoke mkononi. Akiurusha kwa kilomita 75 kwa saa, utakaa hewani sekunde 1.37. Ongeza sekunde 0.15 za mwenzake kuudaka na kumgusa mkimbiaji. Jumla ni sekunde 3.02. Msichana mwenye mbio zake, anayemaliza mita hizo 18 kwa sekunde 3 kamili, ameshaponea chupuchupu.

Sasa tutafute sekunde 0.2 za kumkamata. Tukizitafuta kwa nguvu ya mkono pekee, mdakaji lazima atoke kilomita 75 kwa saa na kufika karibu 88. Kwa msichana wa miaka 13, hiyo ni kazi ya misimu kadhaa, na bega lake huenda likalalamika kabla hajafika. Lakini sekunde hizohizo 0.2 zimelala bure kati ya glavu na sikio lake. Akitumia 0.7 badala ya 0.9, kwa mkono uleule alionao leo, mwizi ananaswa akiwa amebakisha zaidi ya mita moja.

Mtazame kwa karibu uone zinakopotelea. Mpira umeingia glavuni. Anayeanza husimama wima kwanza. Kisha huingiza mkono glavuni, akaupapasa mpira, akaushusha hadi nyongani, akaupandisha kwa nyuma kupita kichwa, ndipo apige hatua mbili na kuuachia. Aliyefunzwa hujipanga mapema. Kukiwa na mkimbiaji kwenye besi, huchuchumaa nyonga zikiwa juu kidogo na uzito ukiwa mbele ya nyayo, si visiginoni. Mkono wa kurushia ameukunja ngumi nyuma ya glavu, usije ukavunjwa vidole na mpira uliokwaruzwa na mpigaji. Mpira unapogusa ngozi, glavu inavutwa kuelekea sikio la kulia na ile ngumi inafunguka kuupokea njiani. Vidole vinaikata mishono ili viwe na pa kushikilia. Wakati huohuo mguu wa kulia unapiga hatua moja fupi na kuingia chini ya mwili, ubavu wa kushoto unaelekea besi ya pili, na mguu wa kushoto unafuata. Kiwiko hakishuki chini ya bega.

Hatua hiyo fupi ndiyo siri yenyewe, kwa sababu nguvu ya kurusha hupanda kutoka ardhini. Mguu unasukuma udongo, nyonga zinageuka kabla ya mabega, na misuli ya kiwiliwili inanyooshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kujivuta. Mkono huja mwisho kupokea kasi ambayo tayari imeshatengenezwa. Miguu ikikosea, mkono unalazimika kuitengeneza kasi yote peke yake, na hauwezi. Kwa hiyo simshauri mwalimu awape wanaoanza mtindo wa kurusha wakiwa wamepiga magoti, wanaouona kwenye video. Mtindo huo huokoa muda wa kuinuka, lakini huiondoa miguu kazini. Unawafaa watu wazima wenye mabega yaliyokomaa.

Kwa bahati nzuri, wasichana wengi wa Kenya wameshalifanya zoezi la kuhamisha mpira kwa miaka mingi bila kulipwa hata soda. Ni kati, ule mchezo ambao Watanzania huuita rede. Wawili wanasimama wakitazamana na mmoja anarukaruka katikati akikwepa mpira wa soksi kuukuu. Anayedaka hana muda wa kujikunja, maana aliye katikati hajamaliza kugeuka. Anadaka na kurusha kwa mwendo mmoja, mkono ukiwa karibu na sikio. Mwalimu hahitaji kufundisha kitu kipya hapo. Anahitaji kumvalisha mcheza kati glavu.

Kuhusu vipimo, simu yoyote ya kawaida inatosha. Video nyingi za simu hupigwa kwa picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukiisogeza picha moja moja, kila moja ni sekunde 0.033. Hesabu kuanzia mpira unapogusa glavu hadi unapotoka vidoleni. Picha 27 ni sekunde 0.9. Picha 21 ni 0.7. Mzozo wa nani mwepesi kati ya Wanjiku na Chebet unaishia hapo.

Mpira wenyewe nao una mambo yake. Una mzingo wa sentimita 30 na gramu 180 hivi, mkubwa na mzito kuliko wa besiboli, na hewa huushika. Ukirushwa mlalo kabisa kwa kilomita 75 kwa saa kutoka kimo cha mita moja na nusu, utagonga chini baada ya mita 11 hivi, karibu na miguu ya mrushaji. Ili ufike goti la mchezaji wa besi ya pili, lazima upande hadi karibu mita 3 kisha ushuke. Anayeanza huogopa kumpiga mrushaji, na huo ni woga wenye busara: aelekeze mlengo juu ya kichwa cha mwenzake, na mrushaji naye ajifunze kuinama.

Watu wa Nakuru hupenda kusema hewa yao nyepesi ndiyo inayozaa wanamichezo. Katika hili wana haki kiasi. Kiamunyi iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa. Mpira haupunguzwi kasi sana. Nilipopiga hesabu ya mrusho uleule katika miji yote miwili, Kiamunyi ilitangulia kwa sekunde 0.03: picha moja ya simu, au shubiri moja ya mkimbiaji. Vumbi linaweza kuila shubiri hiyo. Udongo wa majivu ya volkeno wakati wa kiangazi ni laini kama unga. Huteleza kati ya vidole na ngozi ya mpira, na mrusho unaodunda kabla ya besi hufia palepale badala ya kuteleza hadi kwenye glavu. Mdakaji afute mkono kila baada ya mrusho.

Afrika Mashariki ina mdakaji mmoja aliyejulikana dunia nzima, ingawa ni wa besiboli. Dennis Kasumba wa Uganda alionekana kwenye video akifanya mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka kwa kutumia matairi makuukuu, na mwaka 2023 akaenda Marekani kuchezea Frederick Keys. Watu wengi waliyatazama matairi. Mimi niliitazama miguu, jinsi ilivyokuwa inatua mahali pamoja kila mara.

Jambo moja la bega, kwa walimu wenye haraka. Katika umri huu karibu na ncha za mifupa bado kuna gegedu laini zinazokua, na kurusha kwa nguvu tena na tena huziumiza polepole. Mirusho ya mita 25 iwe michache na yenye mapumziko, na atakayesema bega linamuuma akae nje hata kama ni fainali. Lakini kudaka, kuvuta glavu hadi sikioni, kubadilisha mguu na kusimama bila kuuachia mpira hakulichoshi bega hata kidogo. Zoezi hilo linaweza kufanywa kila siku wakati wa mapumziko, kwa mpira wa soksi, kwenye mwanya wowote kati ya madarasa mawili.